Kabla ya kuanza vidonge vya chunusi, lijue kwanza tumbo lako

Isotretinoini ni dawa ambayo daktari wa ngozi huiandika pale chunusi zinapokuwa kubwa, zina usaha, zinaacha makovu, na dawa za kupaka pamoja na antibiotiki zimeshindwa. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1982 kwa jina la Accutane. Kwingineko imeuzwa kama Roaccutane. Inafanya kazi, hilo halina ubishi. Ila ukikunjua kile kikaratasi cha ndani ya boksi utakuta onyo kuhusu ugonjwa wa utumbo, na hapo watu hugawanyika: wapo wanaotupa dawa, wapo wanaotupa karatasi.

Ugonjwa unaotajwa ni uvimbe sugu wa utumbo, na uko wa namna mbili. Kolaitisi ya vidonda hushika utumbo mpana. Ugonjwa wa Crohn unaweza kushika popote, kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa. Hauishi kwa dozi ya wiki moja. Hutulia, kisha huamka, na mtu huishi nao.

Je, vidonge vya chunusi ndivyo vinavyouleta? Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2010 uliona uhusiano kati ya isotretinoini na kolaitisi ya vidonda, lakini si na Crohn. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2013 haukuona hatari kuongezeka, na wa Ufaransa wa mwaka 2014 nao haukuona uhusiano na kolaitisi. Mahakamani, ambako watumiaji waliougua utumbo waliwashtaki watengenezaji wa dawa, mambo yalivutana kwa miaka mingi. Kampuni ya Roche, iliyokuwa ikiitengeneza, iliacha kuuza Accutane Marekani mwaka 2009, ikitaja ushindani wa dawa za bei nafuu na gharama za kesi. Mwaka 2018 mahakama ya juu kabisa ya New Jersey ilikubali ushahidi wa wataalamu wa walalamikaji uwekwe kando, na kesi zaidi ya 2,000 zikaanguka.

Ugumu wenyewe ni umri. Chunusi kali humpata kijana, na ugonjwa huu wa utumbo nao mara nyingi hujitokeza ujanani, kwa hiyo wawili hawa watakutana hata kama hawajuani. Isitoshe, anayefikia isotretinoini kwa kawaida ameshameza antibiotiki kwa miezi. Utafiti mwingine wa mwaka 2010, uliotumia kumbukumbu za wagonjwa wa Uingereza, ulikuta doksisiklini, mojawapo ya antibiotiki hizo, ikiambatana na ugonjwa wa Crohn. Huo nao si uthibitisho. Ila inanishangaza kwamba tunaiogopa isotretinoini kama simba, halafu doksisiklini tunanunua dukani bila cheti na kumeza mpaka tuchoke wenyewe.

Kwa kuwa jibu la mwisho halipo, jambo la maana ni kujua hali yako ilivyokuwa kabla ya kidonge cha kwanza. Chukua wiki mbili uandike: unapata choo mara ngapi kwa siku, ni kigumu au laini, kuna damu au kamasi, tumbo linakuamsha usiku? Hakuna anayependa kuandika habari za choo, lakini baadaye, tumbo likichafuka, daktari atauliza haya haya na wengi hubaki wakikisia. Waulize pia wazee nyumbani kama kuna ndugu aliyewahi kuharisha kwa miezi au kufanyiwa upasuaji wa utumbo, maana ugonjwa huu hufuata familia.

Ukigundua kwamba tayari unaharisha kwa muda mrefu, au unapungua uzito bila sababu, usianze dawa. Kapime choo kwanza. Katika mazingira yetu kuna amiba, giadia na minyoo. Kwa wakazi wa kando ya Ziwa Victoria kuna kichocho cha tumbo, ambacho nacho huleta damu kwenye choo. Kifua kikuu cha utumbo huweza kufanana sana na Crohn hata mbele ya daktari mzoefu. Na tafadhali, usikubali kuambiwa “ni taifodi tu” au “ni bawasiri” kabla hujapimwa.

Angalia pia unachopaka. Mkorogo na krimu zenye steroidi huzalisha chunusi zake zenyewe, na aliye kwenye hali hiyo anahitaji kusaidiwa kuziacha krimu hizo kwanza. Mwambie daktari ukweli wote hapa, hata kama unaona aibu.

Kwa mwanamke, suala la tumbo la chakula linakuja nyuma ya suala la mimba. Uhusiano na ugonjwa wa utumbo unabishaniwa. Madhara kwa mtoto aliye tumboni hayabishaniwi. Isotretinoini huharibu uumbaji wa ubongo, moyo na uso wa mtoto. Kipimo cha mimba hufanywa kabla ya kuanza na hurudiwa, na njia ya uhakika ya uzazi wa mpango huanza mwezi mmoja kabla, huendelea muda wote wa dawa na mwezi mmoja baada ya kumaliza. Kuchangia damu nako, kwa wanaume na wanawake, kunasubiri mwezi huo upite. Muuzaji asiyekuuliza lolote kuhusu mimba, ondoka dukani kwake.

Yaliyobaki ni mepesi. Pima ini na mafuta ya damu. Acha vidonge vya vitamini A. Usichanganye isotretinoini na doksisiklini au ndugu zake wa kundi la tetrasaiklini, kwa sababu shinikizo linaweza kupanda ndani ya fuvu. Kidonge kimezwe pamoja na chakula chenye mafuta, la sivyo kidogo tu ndicho kitakachoingia mwilini.

Ambaye tayari ana kolaitisi au Crohn hajafungiwa mlango, ila daktari wa ngozi na daktari wa tumbo wazungumze kabla. Prednisoloni inayotuliza utumbo huweza yenyewe kuleta chunusi, na huenda tatizo likatatuliwa kwa kubadilisha matibabu ya utumbo.

Mwisho, amua mapema utafanya nini dalili zikitokea. Damu kwenye choo, kuharisha kukali, au maumivu ya tumbo yasiyoachia: simamisha dawa, andika tarehe, nenda hospitali na boksi lenyewe. Maumivu ya juu ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni, na kutapika, yanaweza kuwa ya kongosho, na hayo ni ya kwenda siku hiyo hiyo. Usijitulize kwa diklofenaki au ibuprofeni, kwani zinaweza kuchokonoa utumbo zaidi. Kama choo kimepimwa, hakina vimelea, na damu bado inatoka, omba rufaa ya kolonoskopi, ili utumbo mpana uangaliwe kwa kamera na kipande kichukuliwe kwa uchunguzi.