Somo: Rangi ya chini ya boti, ipake bila kujiumiza

Mafundi wenzangu wa Ggaba, Port Bell na Masese, huku kwetu Uganda kando ya Ziwa Victoria, hii rangi ya kuzuia mwani na konokono wasishike boti imetengenezwa iue, nyingi zina oksaidi ya shaba na dawa zingine humo ndani, alafu kuna zailini ya kuyeyushia. Tuiheshimu jamani.

Hatua ya 1: kutoa rangi ya zamani. Hapa ndo watu wanaumia kuliko hata kwenye kupaka! Usipige msasa mkavu, grinda weka mbali, lile vumbi ni sumu iliyosagwa inaingia moja kwa moja kwa mapafu. Lowesha, tumia msasa wa maji, tandika turubai uzoe kila kipande. Boti kuukuu iliyotoka nje chukulia ina TBT, ile sumu ya rangi yenye madini ya bati iliyofanya konokono wa kike baharini waote viungo vya kiume, mkataba wa kuipiga marufuku kwenye meli ulianza kazi Septemba 2008 lakini tabaka za zamani zinaweza kuwa bado ziko chini.

Hatua ya 2: vaa. Ovaroli ya mikono mirefu, miwani, glavu za naitraili. Maski ya kitambaa haizuii mvuke, tafuta yenye vichujio vya mvuke na vumbi pamoja.

Hatua ya 3: paka kwa brashi au rola, kupuliza kunajaza sumu hewani. Iwe mahali penye hewa, hakuna sigara, hakuna sigiri ya chai karibu, zailini inashika moto upesi.

Hatua ya 4: usafi. Usinawe na thina, inayeyusha mafuta ya ngozi na kuipitisha sumu, tumia sabuni. Brashi na maji ya msasa visiingie ziwani, hayo maji watu wanakunywa na samaki wanazaliana humo humo. Ovaroli isifuliwe na nguo za watoto.

MASWALI

Fundi, nikinywa maziwa baada ya kazi si yanatoa sumu?
Hapana ndugu, mvuke umeingia kwa mapafu, maziwa yanaenda tumboni. Kichwa kikizunguka toka nje upate hewa, isipotulia nenda kliniki na mkebe wenye lebo.

Na mtu akiimeza?
Msimtapishe, inaweza kuingia mapafuni. Hospitali haraka.

Boti yangu ni ya alumini, naweka hiyo hiyo?
Ya oksaidi ya shaba usiweke, shaba inakula alumini mpaka inatoboka. Uliza ile isiyo na shaba.