Ninavyouza mifuko ya nafaka mbele ya mkutano wa kijiji

Nauza mifuko ya kuhifadhia nafaka isiyopitisha hewa katika vijiji vya Kongwa, mkoani Dodoma, Tanzania, si mbali na soko la mahindi la Kibaigwa. Kazi yenyewe ni kusimama chini ya mbuyu mbele ya watu 50 au 60 ambao hawakuniita. Mkutano wangu wa kwanza nilizungumza dakika 40 juu ya mfuko: ubora wake, kiwanda chake, uimara wake. Niliuza miwili. Niliwaeleza habari za mfuko wangu, wakati wao walikuwa wanawaza mahindi yao.

Kwa hiyo fika siku moja kabla. Mwone mwenyekiti wa kijiji, kisha omba kutembelea nyumba tatu na kuangalia ghala. Uliza mahindi yaliwekwa mwezi gani na yalianza kubunguliwa lini. Omba kiganja kimoja cha yale yaliyoharibika. Kiganja hicho ndicho ufunguzi wa hotuba yako.

Kesho yake salimia kwa lugha ya pale. Kwetu ni Kigogo, "Mbukwenyi", kisha shikamoo kwa wazee waliokaa mbele. Usitaje kampuni. Mwaga yale mahindi kwenye ungo, upitishe kwa watu, unyamaze. Vumbi litabaki vidoleni mwao. Mtu atasema, "Dumuzi huyo." Hapo wameanza kuzungumza wao, nawe una la kujibu. Wazee wengi wanamkumbuka mdudu huyu alivyoingia. Nchini kwetu alionekana kwanza Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwachie mmoja asimulie.

Hesabu nayo ifanywe nao. Mimi huuliza mama mmoja: "Uliweka debe ngapi Julai, na Januari ulitoa ngapi?" Akisema aliweka sita akatoa tano, nauliza bei ya debe Januari. Wanapiga kelele wenyewe: shilingi 15,000! Naandika kwenye bango kitita kwa tarakimu kubwa. Chini yake naandika bei ya mfuko wangu, 5,000. Siongezi neno.

Kunyamaza baada ya kutaja bei kulinichukua muda mrefu kujifunza. Muuzaji mwenye wasiwasi hutaja bei, kisha haraka anaanza kuitetea au kuipunguza, na msikilizaji anahisi bei ile haina msingi. Taja, hesabu moja mpaka tano kimoyomoyo, watazame. Mzee akisema ni ghali, usibishane naye mbele ya watu. Mwulize, "Baba, ghali ukilinganisha na nini?" Mara nyingi jirani yake humjibu kabla yako.

Maonyesho ya mfuko usiyafanye wewe. Mwite mtu wa pale, ajaze, afunge. Mfuko una nailoni mbili ndani na sandarusi nje. Kila nailoni inasokotwa na kufungwa peke yake, hewa ikiwa imekamuliwa. Akisahau kufunga ya pili, mwache kidogo, wenzake watamwambia. Kisha eleza kwa maneno machache: wadudu waliomo ndani wanaitumia hewa mpaka oksijeni inapungua, wanaacha kula, wanakufa. Dawa haihitajiki. Maneno hayo yanatosha.

Halafu sema mabaya ya bidhaa yako kabla hujaulizwa. Mfuko huu ukitobolewa na panya haufai tena, na mahindi mabichi yakifungiwa ndani yataota ukungu. Mimi hubeba chupa kavu yenye chumvi. Natia mahindi ya mtu, natikisa, tunaangalia pamoja: chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi hayajakauka, na simuuzii mtu huyo siku hiyo. Namwambia akayaanike. Nakosa shilingi 5,000 mbele ya watu wote, lakini wote wameniona.

Kuhusu sauti, simama upepo ukiwa nyuma yako ili uchukue maneno, na jua likupige wewe usoni, si wao. Vuta pumzi hadi tumboni kabla ya neno la kwanza. Hofu ikikubana, kariri sentensi ya kwanza tu. Ikishatoka, nyingine zinafuata. Usikariri hotuba nzima, maana mtoto akilia au mzee akiuliza swali katikati, utapotea.

Jirekodi kwa simu ukiwa peke yako, usikilize. Niliposikiliza nilikuta nasema "kwa hiyo" kila baada ya sentensi. Nilifanya zoezi wiki mbili, nikikutana na "kwa hiyo" nanyamaza badala yake. Ukimya ule unawapa watu nafasi ya kuelewa.

Kabla ya kuondoka, acha mfuko mmoja uliojazwa kwa mwenyekiti, uandikwe tarehe, na kubalianeni siku ya kuufungua, baada ya miezi minne au zaidi. Rudi siku hiyo hiyo mliyopatana, hata kama ni mwendo wa pikipiki wa saa mbili. Aufungue mwenye mahindi, yeye ndiye achote, aonje, aseme. Wewe kaa pembeni na ubebe mifuko ya kutosha, kwa sababu watu huanza kuulizia kabla hata kamba haijafunguliwa.