SOMO: Kitoweo kwanza, ugali baadaye

Swali la kula kitoweo kabla ya ugali ili sukari ya damu isipande kwa kasi nimelijibu mpaka vidole vinauma, sasa naliandika mara moja. Nina kisukari aina ya 2, natumia vidonge.

1. Nawa mikono, pima sukari.

2. Anza na samaki, dagaa au mayai, pamoja na mboga za majani.

3. Subiri kama dakika 10, ndipo ule ugali. Someni hapa taratibu. Protini ikisagwa inakuwa asidi amino. Utumbo ukizihisi unamwaga homoni, GLP-1 na GIP, zinazolichochea kongosho litoe insulini, homoni inayoshusha sukari. GLP-1 pia inafanya chakula kitoke tumboni polepole. Asidi amino zenyewe zikiingia kwenye damu nazo zinaligusa kongosho. Kwa hiyo ugali unakuta insulini imeshaanza kazi. Mimi nikajiambia, kama dakika 10 zinasaidia, saa nzima itasaidia zaidi. Nimemeza glibenklamaidi, kidonge cha kisukari kinacholilazimisha kongosho litoe insulini, nikala sangara, nikaenda kumalizia kufua. Jasho likanitoka, mikono ikatetemeka hadi sabuni ikaniponyoka. Mashine ikasoma 3.1 mmol/L, sukari imeshuka mno. Nikakoroga vijiko vitatu vya sukari kwenye maji, nikanywa, nikapima tena baada ya dakika 15.

ONYO: ukiwa kwenye glibenklamaidi au insulini, ugali uwe mezani kabla hujagusa samaki. Mwenye shida ya figo asiongeze protini bila daktari wake.

4. Pima tena saa mbili tangu tonge la kwanza.

MASWALI

— Mkuu, kwa hiyo nikila nyama nyingi naacha dawa?
Hapana. Sijaandika hivyo popote. Rudia hatua ya 3.

— Dakika ngapi kati ya samaki na ugali?
Hatua ya 3.

— Dada, mbona asiye na kisukari akila nyama tupu sukari yake haishuki?
Asante kwa kuuliza hili. Asidi amino zinaamsha pia glukagoni, homoni inayoliamuru ini litoe sukari. Insulini inashusha, glukagoni inapandisha, sukari inabaki palepale. Glibenklamaidi inaendelea kulikamua kongosho hata sukari ikiwa chini, ndiyo maana nilizidiwa.

— Maharage je?
Yanafaa, ila yana wanga wake. Punguza ugali.

— Mimi uji wa ulezi naukorogea karanga za kusaga, sukari haipandi kwa kasi kama zamani.
Unaweka vijiko vingapi kwa kikombe? Nataka kujaribu Jumamosi, nipime kabla na baada.