Jinsi ya kuandaa dodoso la furaha bila kila mtu kukujibu "nzuri tu"

Wiki iliyopita nilikaa na binti mmoja wa shahada ya uzamili hapa Moshi. Anataka kulinganisha ustawi wa akina mama wa Uru na wenzao Wamaasai wa Monduli. Maswali yake yalikuwa Kiingereza kilichovalishwa kanga. Tuliyarekebisha hivi.

1. Vibali. COSTECH (tume ya taifa ya sayansi na teknolojia), mkoa, wilaya, mpaka mtendaji wa kijiji. Njia unaijua.

2. Amua unapima nini. Neno "furaha" likae kwenye kichwa cha utafiti, lisiingie kwenye maswali. Ukimuuliza mama "Una furaha?" anawaza harusi au kipaimara, au anaona akisema hana atakuwa anamkufuru Mungu. Uliza maisha yake kwa ujumla, kisha uliza ya jana: ulicheka? Ulilala vizuri? Ulikuwa na wasiwasi? "Kuridhika" nalo lina mtego wake, maana wapo wanaosema "nimeridhika" wakimaanisha "nitafanyaje sasa?"

3. Ngazi. Hapa ndipo nilipopoteza siku mbili nzima mwaka jana, kwa hiyo nivumilie.

Kipimo kinachotumika sana duniani ni ngazi ya mwanasaikolojia Mmarekani Hadley Cantril ya mwaka 1965: chini 0, maisha mabaya kuliko yote kwako, juu 10, mazuri kuliko yote. Ndiyo inayopanga nchi kwenye ile ripoti ya furaha ya dunia inayotoka tangu 2012. Nikaichora vizuri kwenye karatasi ngumu, nikapanda nayo Uru.

Bibi mmoja akaitazama, akaweka kidole kwenye 3. Ana migomba, ana ng'ombe wa maziwa, wanawe wanamtumia hela. Nikamuuliza kwa nini 3. "Baba, hapo hata nikiteleza siumii. Huko juu waende vijana wanaochuma parachichi." Alikuwa amenijibu kuhusu ngazi, maisha yake hata hatujayagusa! Nikarudi kwa wote niliokwisha kuwahoji nikiwauliza swali moja: "Ulipochagua hapo, uliwaza nini?" Dodoso la siku ile lote likaenda na maji.

Tangu hapo natumia vitu vya kushika. Nilianza na maharage kumi na sahani, ila hakuna aliyekubali kuacha sahani tupu mbele ya mgeni, kwa hiyo 0 ikapotea. Sasa natumia vizibo kumi vya soda na duara lililochorwa chini. (Vya soda, tafadhali. Usiingie nyumba ya Muislamu na vizibo vya bia.) Anaingiza vingi kadiri maisha yake yalivyo karibu na yale bora anayoweza kuyawazia, na akiacha duara tupu ni sawa.

Ila ukibadilisha kipimo hivi, namba zako usizipange kando ya wastani wa Tanzania wa ile ripoti. Linganisha makundi yako mwenyewe, na hata hapo wape wote kisa kimoja kwanza: mama ana mbuzi wanne, mtoto mmoja anaumwa mara kwa mara, mume yuko safarini, yeye umwekee vizibo vingapi? Uru wakimpa vinne na Monduli saba, ujue vizibo vya pande hizo mbili havina uzito mmoja.

4. Tafsiri. Watu wawili watafsiri kila mmoja kivyake, wa tatu arudishe kwenye Kiingereza bila kuona asili. Ya Kimaasai aifanye mzungumzaji wa kuzaliwa, asiwe dereva wa mradi.

5. Mpangilio. Usiunganishe swali la kwanza na salamu. "Habari za nyumbani?" jibu lake ni "nzuri" hata kama kuna msiba, taarifa inakuja baada ya "ila". Malizeni salamu, kaeni, ongeeni mvua. Kisha maisha kwa ujumla, ndipo njaa, madeni na ugonjwa. Ukianza na madeni, vizibo vinapungua.

6. Kukusanya. KoboToolbox, programu ya kujazia dodoso kwenye simu, inafanya kazi bila intaneti. Fomu za kurusha kwenye makundi ya WhatsApp sizitaki hata kuziona. Zinapima furaha ya wenye bando.

Usipime Uru Desemba, Wachaga wote wamerudi nyumbani na nyama ipo. Januari nako ni sare na madaftari. Na kwenye kila fomu andika nani alikuwa amekaa karibu. Mama mmoja aliweka vizibo tisa. Mumewe alipoinuka kwenda kufunga ng'ombe, akavuta vitano nje bila kusema neno.