Kabla ya kuingiza sumaku kwenye koili

Katika maabara nyingi za shule jaribio la kuzalisha umeme kwa sumaku na koili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi, huisha haraka mno. Mwalimu anatumbukiza sumaku kwenye koili, mshale wa galvanomita, mita ya kupima mikondo midogo, unaruka, wanafunzi wanashangaa kidogo, kisha darasa linahamia kwenye hesabu. Kilichoonyeshwa hapo ni kwamba mkondo upo. Unaelekea wapi, hilo halijaonekana, kwa sababu hakuna aliyejua mapema kwamba mshale ukiruka kulia maana yake ni nini. Nao mwelekeo ndio watahini hupenda kuuliza. Kwa hiyo kama unajiandaa kufundisha mada hii kwa kidato cha nne hapa Kisumu, au wewe ni mwanafunzi unayetaka kulifanya jaribio nyumbani wakati wa likizo, kazi kubwa iko kabla ya sumaku kusogea. Kuna mambo matatu ya kuhakikisha kwa mkono wako mwenyewe: ncha ya sumaku, mwelekeo ambao waya umezungushwa, na tabia ya mita. Likikosekana moja, hayo mawili mengine hayakusaidii chochote.

Anza na sumaku, na usiiamini rangi yake. Sumaku za mche za shule huangushwa, hugongwa, hurundikwa droo moja na sumaku zenye nguvu zaidi, na nyingine hupinduka ncha kabisa huku rangi nyekundu ikibaki palepale. Ifunge kwa uzi katikati, ikae mlalo, kisha toka nayo nje. Ndani kuna mabati, madawati ya chuma, nondo za madirishani na nyingine ndani ya zege la sakafu, na zote huivuta. Chini ya mti uwanjani ni pazuri. Subiri itulie. Ncha itakayoelekea kaskazini, kwa mtu aliye mjini Kisumu ni upande wa Vihiga, ndiyo ncha ya kaskazini. Ibandike utepe wako mwenyewe.

Ukitumia dira badala ya uzi, usishangae ikiinama. Ikweta ya ramani inapita hapa jirani, Maseno, lakini ikweta ya sumaku, mstari ambako sindano huru hulala sawa na ardhi, iko mbali kaskazini, juu ya Ethiopia. Kwa hiyo huku kwetu uga wa sumaku wa dunia, yaani eneo la nguvu yake ya sumaku, haulali sawa na ardhi. Mistari yake inatoka chini ikipanda kuelekea kaskazini, na sindano iliyo huru huinua ncha yake ya kaskazini na kuzamisha ile ya kusini. Dira iliyosawazishwa kwa matumizi ya Ulaya imeongezewa uzito upande wa kusini, hivyo ikifika hapa inainama maradufu na hata kukwaruza kioo. Iinamishe kidogo hadi sindano izunguke huru, basi.

Koili ndiyo inayowasumbua wengi. Waya wa shaba wenye vanishi utaupata kwa mafundi wa kusuka mota, na pale Kibuye hukosi wa kumuuliza. Huuzwa kwa kupimwa uzito, kwa hiyo fanya hesabu kabla ya kwenda. Mizingo 500 kwenye paipu ya plastiki yenye kipenyo cha sentimita 3 inataka waya wa karibu mita 47. Ukichukua wenye unene wa milimita 0.3, hiyo ni kama gramu 30 tu, na ukinzani wake ni takriban omu 11. Mwambie tu, "Fundi, nipimie gramu hamsini za huo mwembamba," upate na wa akiba. Kabla ya kuzungusha mzingo wa kwanza, chora mshale kwenye paipu kuonyesha waya unazunguka upande gani, na ufunge utepe mwekundu kwenye mwanzo wa waya. Mizingo ikishafika mia mbili hutaweza tena kukumbuka wala kuona. Ukimaliza, kwangua vanishi ya ncha zote mbili kwa msasa hadi shaba ing'ae. Vanishi ikibaki, mkondo haupiti hata kidogo, na utailaumu sumaku bure. Kama shule ina koili za kununuliwa zilizofunikwa plastiki, angalia kama mtengenezaji amechora mwelekeo wa mizingo. Kama hakuchora, kwa kazi hii ni afadhali ya kwako.

Sasa mita. Galvanomita yenye sifuri katikati ndiyo inayofaa. Chukua betri ya tochi ya volti 1.5, iunganishe na rezista ya kilo-omu 100, kisha na galvanomita. Mkondo utakuwa karibu mikroampea 15. Mshale ukikataa kusogea, shuka kidogo kidogo, kilo-omu 47, kisha 22. Usiiguse betri moja kwa moja kwenye galvanomita, utaunguza waya wake mwembamba wa ndani. Andika kwenye karatasi: mkondo ukiingia kwa terminali hii, mshale unakwenda upande huu. Sentensi hiyo moja ndiyo itakayogeuza mruko wa mshale kuwa ushahidi. Wasio na galvanomita hutumia mita ya dijitali kwenye milivolti. Hiyo inaonyesha alama ya kutoa pale mkondo unapogeuka, lakini zile za bei nafuu husoma mara mbili au tatu tu kwa sekunde, na msukumo wa haraka unaweza kupita bila kuonekana. Ukiitumia, sogeza sumaku polepole na uwe na mizingo mingi.

Wengi hujaribu taa mbili ndogo za LED zilizofungwa kinyume, ili moja iwake sumaku ikiingia na nyingine ikitoka. Ni onyesho zuri kuliko yote, ila piga hesabu kwanza. Tuseme uga unabadilika kwa tesla 0.1 (tesla ni kipimo cha nguvu ya uga) juu ya eneo la sentimita 3 za mraba, katika sehemu ya kumi ya sekunde, kwenye mizingo 500. Unapata volti 0.15. LED nyekundu inataka karibu 1.8. Itabaki gizani, na wanafunzi watahitimisha kwamba hakuna kilichotokea. Mizingo 2,000 na mwendo wa sekunde 0.02 vinafikisha volti 3, na hapo inawaka. Sumaku za neodimiamu hurahisisha, lakini usiwaachie watoto wadogo. Mtoto akimeza mbili, zinaweza kuvutana ndani ya tumbo na kutoboa utumbo.

Vifaa vikiwa tayari, kuna jambo la kichwani. Michael Faraday alionyesha mwaka 1831, jijini London, kwamba uga wa sumaku unaobadilika huzalisha mkondo kwenye waya. Kanuni ya mwelekeo ilitolewa mwaka 1834 na Heinrich Lenz, mzaliwa wa Tartu katika Estonia ya leo, aliyekuwa akifanya kazi St Petersburg, Urusi: mkondo huelekea upande ambao utapinga badiliko lililouzalisha. Shikilia neno "badiliko". Wanafunzi wengi huandika kwamba mkondo hupinga uga wa sumaku, na alama inapotea hapo. Ukiingiza ncha ya kaskazini, mdomo wa koili ulio karibu hugeuka kaskazini ili kuisukuma nje. Ukianza kuitoa ncha ileile, mdomo uleule hugeuka kusini ili kuizuia isiondoke. Koili ni kama ng'ombe anayekataa kuingia zizini, na akishaingia anakataa kutoka. Uga ndani haukugeuka. Kilichogeuka ni kama unaongezeka au unapungua.

Mwanafunzi mwerevu atauliza kwa nini usiwe kinyume. Jiandae na jibu. Kama mdomo wa koili ungegeuka kusini wakati kaskazini inakaribia, ungeivuta sumaku, sumaku ingeongeza kasi, mkondo ungekua, mvuto ungekua zaidi, na umeme ungetoka bila mtu kulipa kwa jasho wala maji wala mafuta. Nishati haiji hivyo.

Kutoka ncha hadi mwelekeo wa mkondo tumia mkono wa kulia: kidole gumba kielekee upande wa ncha ya kaskazini ya koili, na vidole vingine vilivyokunjwa vinaonyesha mkondo unavyozunguka. Ukiutazama mdomo uliogeuka kaskazini ana kwa ana, mkondo unazunguka kinyume cha mishale ya saa. Kwa waya ulionyooka unaokata uga, kanuni ya mkono wa kulia ya Fleming ndiyo yake: gumba ni mwendo, cha shahada ni uga, cha kati ni mkondo. Na kuna mtego wa chumba cha mtihani ambao hauhusu fizikia hata kidogo. Mkono wa kulia umeshika kalamu, kwa hiyo mtahiniwa anainua wa kushoto na kupata jibu lililopinduka. Waambie waweke kalamu chini.

Kabla ya kusogeza chochote, kila mmoja aandike utabiri wake: kaskazini ikiingia, kaskazini ikitoka, kusini ikiingia, kusini ikitoka, mshale utakwenda wapi? Ongeza sumaku iliyotulia ndani, na koili ikisogezwa huku sumaku imetulia. Mwalimu asiseme lililo sahihi. Halafu fanya. Mwisho iachie sumaku ipite ndani ya koili moja kwa moja hadi itokee chini, na uwaulize mapema ni miruko mingapi. Ni miwili, yenye pande tofauti, na wa pili ni mkubwa zaidi kwa sababu sumaku imeongeza kasi. Weka kitambaa sakafuni. Sumaku ikigonga sementi hupoteza nguvu.

Kama shule inapanga ziara kwenye kituo cha umeme wa maji cha Sondu Miriu, ifanyike baada ya haya. Kituo kile kina uwezo wa megawati 60, na maji yakitoka hapo yanazalisha tena megawati 21 kwenye kituo cha Sang'oro. Swali la kuwapa wanafunzi waende nalo ni hili: watu wakiwasha vifaa vingi jioni, kwa nini jenereta huwa nzito kuzungusha, hata ikabidi maji zaidi yafunguliwe? Jibu ni Lenz. Mkondo mkubwa zaidi kwenye waya unajenga uga mkubwa zaidi unaopinga mzunguko. Stima yetu ni ya hezi 50, maana yake mkondo unageuza mwelekeo mara 100 kila sekunde, kila ncha inapopita.

Limebaki la usalama. Jaribio hili halihitaji stima ya ukutani kabisa, kwa hiyo isiwe mezani. Hata betri ndogo iliyounganishwa na koili yenye mizingo mingi inaweza kukurusha ukiitenganisha huku umeshika waya mbili kwa mikono mitupu. Mkondo ukikatwa ghafla, koili inapinga kupungua huko kwa kujaribu kuusukuma uendelee upande uleule, na volti inaweza kupanda hadi mamia kwa kitambo kidogo. Ndiyo cheche unayoiona kwenye swichi. Anayefunga relei, swichi inayoendeshwa na koili, kwenye kidhibiti cha pampu ya sola anakutana na jambo hilohilo, na transista inayoiwasha relei hiyo hufa kimyakimya. Dawa ni dayodi moja ya shilingi chache, kifaa kinachopitisha mkondo upande mmoja tu, inayofungwa sambamba na koili ya relei, mstari uliochorwa kwenye dayodi ukielekea upande wa chanya.