Kulinda nguzo ya daraja isichimbwe na mto

Ninapofika darajani sianzi kwa kukagua zege. Nashusha kamba yenye kipande kizito cha madini ya risasi na kutia bildi, yaani kupima kina, kuzunguka nguzo, kila baada ya mita moja, nikianzia upande maji yanakotokea. Mkondo ukigonga nguzo hutumbukia chini, hujikunja na kufukua mchanga. Shimo huanzia hapo mbele.

Pima pia wakati wa mafuriko. Maji yakipungua, shimo hujifukia kwa mchanga mlegevu, nawe ukadhani chini ni salama. Nilishadanganyika hivyo, nilipokuja kuchoma kwa nondo, ilizama mita moja na nusu bila kugusa kitu kigumu. Siku hizi sipimi bila nondo.

Mawe ya kinga, yanayolazwa kuzunguka nguzo, yawe magumu, yenye kona. Ya mviringo hubingirika. Kwa nguzo yenye pua (upande unaokabili mkondo) ya duara, maji yakipita kwa mita 3 kwa sekunde, jiwe la wastani liwe na kipenyo cha sentimita 43 hivi. Kasi ikiwa maradufu, ukubwa huo huwa mara nne, kwa hiyo hesabu kwa kasi ya mafuriko makubwa.

Halafu, kabla ya kuweka mawe, chimba kwanza. Hapa ndipo ninapogombana na mafundi, maana kumwaga mawe juu juu ni rahisi. Rundo hubana njia ya maji, na maji yaliyobanwa huchimba zaidi. Uso wa mawe ulingane na sakafu ya mto. Unene usipungue mara tatu ya jiwe la wastani, na kila upande mawe yaenee mara mbili ya upana wa nguzo. Chini yake tandika kitambaa cha kuchuja, la sivyo mchanga utanyonywa katikati ya mawe nayo yatadidimia. Kitambaa kiishie theluthi mbili ya njia kuelekea ukingoni, ili mawe ya pembeni yaweze kushuka na kuziba panapochimbika.

Daraja la Schoharie Creek, New York, lilianguka tarehe 5 Aprili 1987, wakafa watu 10. Nguzo zake ziliwekewa mawe. Mafuriko yakayaondoa, wala hayakurudishwa ya kutosha. Kwa hiyo rudi na kamba kila baada ya mafuriko, upime kutoka alama ile ile ya rangi kwenye zege. Sakafu ikishuka karibu na kitako cha msingi, funga daraja siku hiyo hiyo.