Umeme wa Uingereza: unayemlipa siye mwenye waya

Ukitoka Tanzania umezoea jina moja tu, TANESCO. Nguzo zao, LUKU yao, na umeme ukikatika unajua wa kumlaumu. Uingereza mambo yamegawanywa, na wageni wengi huchelewa kulijua hilo.

Umeme husafirishwa kutoka mitamboni kwa msongo wa kilovolti 400 au 275, kisha unashushwa hatua kwa hatua hadi volti 230 nyumbani kwako. Mijini nyaya nyingi zimefukiwa ardhini, ndiyo maana huoni nguzo mtaani. Nyaya hizo za mwisho ni za kampuni ya mtandao wa umeme ya eneo lako. Sehemu kubwa ya London, kwa mfano, ni UK Power Networks. Hiyo huichagui. Anayekutumia bili ni muuzaji tu, na huyo unaweza kumhama.

Kwa hiyo umeme ukikatika, usihangaike na muuzaji. Chungulia dirishani: kwa majirani kukiwa na taa, angalia kwanza swichi kwenye boksi lako la fyuzi. Mtaa mzima ukiwa giza, piga 105. Ni bure, England, Scotland na Wales. Mita ya kulipia kabla ikigoma, hapo ndipo unampigia muuzaji.

Siku ya kukabidhiwa funguo, kabla hata ya kushusha mabegi, piga picha namba za mita. Mimi nilipuuza, nikaletewa bili ya aliyehama. Kuifuta kulinichukua miezi mitatu ya simu. Na usidhani kwa kuwa hujasaini popote basi hudaiwi: ukishaanza kutumia umeme, muuzaji aliyekuwepo ndiye wako mpaka umbadilishe.

Mita ya kulipia kabla utaiona kama LUKU, lakini ina ujanja wake. Huenda bado inakata deni la mpangaji aliyepita, hivyo mpigie muuzaji kabla ya kuweka pesa. Halafu kuna ada ya kila siku, inayokatwa hata usipowasha taa. Nilikwenda Tanga wiki sita, niliporudi mita ilikuwa inanidai. Ukisafiri, acha salio la kutosha.

Pasi yako ya nyumbani, kama ni ya pini tatu za mraba, njoo nayo. Soketi ni zilezile.